Siku Bi Siwatu Alipomshukuru Mpinzani Wake

Wapo wanaoniuliza njia ya kufika Bezani. Sina msaada kwao, maana mimi mwenyewe niliingia huko nikiwa na homa, na mwenye homa hahesabu mito wala vilima. Ninachoweza kusimulia ni kile nilichokiona baada ya kufumbua macho. Nitakisimulia kama kilivyokuwa, kwa kuwa nchi ile ndiyo iliyonirudishia uhai wangu, na sipendi kuisingizia.

Bezani ni mji mmoja wenye nchi yake. Barabara pana imeukata katikati. Wanaokaa upande wa jua kuchomoza huitwa Wamawio, na wanaokaa ng'ambo huitwa Wamachweo. Nilijitahidi sana kujua wanatofautiana nini. Dini yao moja, chakula chao kimoja, hata namna yao ya kukohoa ni moja. Nilipomuuliza mtu mmoja mwenye heshima zake, alinijibu kwamba tofauti ni kubwa mno, kubwa kiasi cha kutoelezeka kwa mgeni.

Mimi nilianguka katikati ya barabara hiyo. Askari wawili, mmoja wa kila upande, walikuja na kamba wapime kichwa changu kimelalia wapi, kwa sababu sheria yao inasema mgonjwa ni wa upande kilipo kichwa chake. Kamba ikaonyesha kichwa kiko katikati kabisa. Wakaanza kubishana. Naamini ningekata roho katikati ya ubishi ule kama mwanamke mmoja asingetoka nyumbani kwake, kanga begani, akanishika kwapani na kuanza kuniburuta.

"Mama, bado hatujaamua," askari mmoja alimwambia.

"Amueni tu, baba. Mimi nampeleka kitandani. Mkishaamua mtanikuta."

Huyo ndiye Bi Siwatu binti Faki, muuguzi mstaafu, mjane, mwanamke wa Mawio. Aliishi na binti yake, Mkasi, na mjukuu wake mdogo aitwaye Tunu, aliyekuwa na tabia ya kunishika pua kila alipotaka kujua kama nimeamka. Walinilisha uji, wakanikanda, wakanibadilishia shuka, wala hawakuniuliza jina mpaka nilipoweza kulitamka bila kutetemeka.

Siku niliyopata nguvu za kutoka nje hadi barazani, nilimwona mama mmoja wa ng'ambo amesimama mlangoni kwake akinitazama. Mkasi alikwisha kuniambia kwamba mama huyo, Bi Mize, alikuwa akiniombea dua tangu siku ile niliyoanguka. Nikampungia mkono, nikapaza sauti, "Ahsante sana, mama!"

Bi Mize aliingia ndani na kufunga mlango kama aliyeona chui. Bi Siwatu akanivuta ukosi.

"Unataka kumponza?"

Ndipo nilipojifunza kwamba Bezani shukrani haivuki barabara. Mtu humshukuru wa upande wake tu. Kumshukuru wa ng'ambo ni kukiri kwamba ng'ambo kuna wema, na kukiri hivyo ni uhaini mdogo. Kuvuka kwenda kumsaidia mtu wa ng'ambo ni uhaini mkubwa zaidi. Adhabu ya yote mawili ni ile wanayoiita mwaka wa kimya: mwaka mzima, ukiacha wa nyumbani mwako, hakuna anayekuamkia, hakuna anayekuitikia, hakuna anayekwambia pole hata ukifiwa. Nilimuuliza kama watu huiogopa sana. Akaniambia jirani yao mmoja aliyehukumiwa alimaliza mwaka wake akiwa amesahau kuitikia jina lake mwenyewe.

Nilipopona vizuri nilikwenda kulitazama bunge lao. Siku hiyo palijadiliwa paa la shule. Pande zote mbili zilitaka mabati, lakini Wamachweo walikuwa wametangulia kusema, kwa hiyo Wamawio wakalazimika kutetea mvua. Waliitetea vizuri. Mmoja alitoa hoja kwamba mtoto aliyelowa husinzia kidogo kuliko mtoto mkavu. Karibu na kiti cha Spika alikaa mpiga ngoma, na kazi yake ilikuwa kupiga pale wajumbe wa pande mbili walipokaribia kukubaliana, ili aibu ile isisikike nje. Mjumbe aliyeshangiliwa kuliko wote alikuwa Mheshimiwa Ngwali wa Machweo, mtu mnene mwenye sauti ya kusagia mawe. Hakugusia paa hata mara moja. Alieleza kwa kirefu jinsi mjumbe aliyemtangulia anavyofanana na kiatu kilichokojolewa na mbwa, na watu wa upande wake walitokwa machozi kwa furaha.

Jioni ile nilimwigiza Ngwali mbele ya wenyeji wangu nikidhani nitawachekesha. Mkasi aliinamisha uso. Bi Siwatu alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi.

"Mgeni wangu," alisema, "mtu huyo ndiye aliyenipa mjukuu."

Akanisimulia. Mkasi alishikwa na uchungu wakati wa mafuriko, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Hospitali ilikuwa mbali, na magari yote ya Mawio yalikuwa yamezama. Bi Siwatu alikuwa amewazalisha wanawake wengi, lakini kwa mwanawe mikono ilimgoma. Ndipo gari la Ngwali lilipotokea ng'ambo likikata maji. Aliteremka na suti yake, maji yakimfika kiunoni, akambeba Mkasi kama gunia la pamba, akawafikisha hospitali. Njia nzima alikuwa akiwatukana: madereva, mvua, Mawio yote, na Bi Siwatu mwenyewe kwa kulia. Alipowashusha akasema, "Sikuja kwenu, na ninyi hamkuniona," akaondoka.

"Sikumwambia hata ahsante," Bi Siwatu alisema. "Mtoto ana miaka minne sasa, na neno hilo bado limenikaa hapa." Akajigusa koo.

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu mwezi uliopita nyumba ya Bi Mize iliungua, kikabaki chumba cha mbele na mlango wake. Wa kwetu walisimama na ndoo zimejaa maji, wakingoja moto uvuke barabara ndipo wauzime. Haukuvuka. Kesho yake nikasikia wanautungia wimbo. Wanaimba nyumba ya mtu iliyoungua! Nikasema, hapana. Nitagombea kiti."

Sababu yake ilikuwa nyepesi kuieleza. Katika mwaka mzima wa Bezani kuna siku moja tu ambayo pande mbili husikiliza mtu mmoja kwa wakati mmoja, nayo ni Siku ya Jukwaa, wagombea wanaposimama katikati ya barabara. Alitaka kusema siku hiyo. Na akipata kiti, alitaka kuzifuta zile sheria mbili.

Mkasi hakutaka hata kusikia. "Mama, utanyamaziwa mwaka mzima. Na yeye je? Ukimshukuru mbele ya watu, utakuwa umemshtaki. Hayo ndiyo malipo yake?"

Nilimwona Bi Siwatu akiliwaza jambo hilo huku akipepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Nilimsindikiza kwa Msajili wa Wagombea. Bwana Tindo alikuwa mtu mwembamba, mpole kupita kiasi, aliyetuomba radhi kwa ugumu wa viti vyake. Alipokwisha kuandika jina, alitia wino kalamu na kusema, "Sasa, mama yangu, naomba tusi la dhamana."

"Ndilo lipi hilo?"

"Kila mgombea huweka tusi moja dhidi ya mpinzani wake. Liwe jipya, lisiwe limetumika. Likigusa sura au ukoo tunalipokea bila masharti. Likigusa hoja zake tunalirudisha."

"Sina, mwanangu."

Bwana Tindo aliona haya kwa niaba yake. "Wapo watunzi, mama, wanasaidia wasio na kipaji. Si aibu. Wagombea wengi huagiza."

"Sina, na sitaagiza."

Msajili aliiweka kalamu chini. Akapekua kumbukumbu zake za kichwani, akasema kuna nafasi moja: mgombea anaweza kuahirisha tusi lake mpaka Siku ya Jukwaa. Lakini asipolitoa siku hiyo, huhesabiwa kuwa amemheshimu mpinzani, na adhabu tunaijua. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayempa mgonjwa majibu mabaya. Tulipoondoka alitufungulia mlango, akamwinamia Bi Siwatu kidogo, kisha akatazama huku na huku kama kuna aliyemwona.

Kutoka hapo Bi Siwatu alivuka barabara. Mgombea anaruhusiwa kwenda mlangoni kwa mpinzani wake, kwa kuwa hudhaniwa anakwenda kugomba. Watu walijaa madirishani. Ngwali, ambaye ndiye aliyekuwa akikitetea kiti hicho, alitoka, akajaza mlango.

"Mtazameni bibi kizee huyu!" alinguruma. "Amekuja kuomba kura au kuomba meno?" Madirisha yote ya Machweo yakacheka. Kisha, midomo yake ikitikisika kidogo tu, nilimsikia akisema chinichini, "Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anaitwa Tunu," Bi Siwatu alijibu kwa sauti ile ile ya chini.

"Sura yako ingemtisha fisi!" alipaza. Halafu kwa kunong'ona, "Anatembea vizuri? Mguu ule uliotangulia?"

"Anakimbia, bwana. Hashikiki. Nimekuja kukuuliza jambo. Nataka kukushukuru siku ya jukwaa."

Ngwali alibadilika rangi. Kwa mara ya kwanza alisahau kupiga kelele. "Usithubutu kunitaja," alisema. "Nina mke, nina mama mzee anayeishi kwa kuamkiwa. Wakimnyamazia mwanawe watakuwa wamemuua yeye."

"Basi sitakutaja."

"Niahidi."

"Nimekuahidi."

Akavuta pumzi, akamtukana tena kwa nguvu kuliko mwanzo, akabamiza mlango. Tulirudi kwetu tukipigiwa makofi na Machweo nzima. Bi Siwatu alikuwa akitabasamu. Aliniambia matusi yale alikuwa ameyasikia kwa namna nyingine kabisa, kama mtu anayesikia mvua akiwa ndani.

Mwenyekiti wa Wamawio, Bwana Makungu, alikuja barazani kumsihi. Alileta zawadi ya tende. "Mama, upande mzima unakutegemea. Tunakuomba moja tu, dogo. Sema ana tumbo. Tumbo analo, hutakuwa umesema uongo."

"Tumbo lake halijanidhuru kitu, mwanangu."

"Basi sema wao ni wachafu, kwa jumla."

"Nani atafua nguo yake kwa sababu nimesema?"

Bwana Makungu aliondoka na tende zake.

Siku ya Jukwaa ilifika. Mbao zilipangwa katikati ya barabara, na watu wakajaa pande zote mbili mpaka juu ya kuta. Ngwali alitangulia. Sitarudia maneno yake, ila nakiri yalikuwa na ufundi. Hata baadhi ya Wamawio walionekana kuuma midomo wasicheke. Alipokaa, niliona kwamba hakumtazama Bi Siwatu usoni hata mara moja.

Bi Siwatu alipanda. Alikuwa amevaa sare yake ya zamani ya uuguzi, iliyombana kidogo mabegani.

"Nimekuja kutoa shukrani," alisema.

Watu walitazamana, wakidhani hawakusikia vizuri.

"Wakati wa mafuriko, mwanangu alikuwa anakufa na mtoto tumboni. Mtu wa ng'ambo alivuka barabara hii, maji kiunoni, akatupeleka hospitali. Leo nina binti, na nina mjukuu. Kila asubuhi mtoto yule akinishika uso namkumbuka mtu huyo, na kila asubuhi namkuta dirishani ng'ambo nashindwa kumwamkia. Ninyi nyote mna mtu kama huyo. Wengine mlivutwa majini, wengine mlipewa chumvi kupitia dirisha la nyuma. Nagombea ili siku moja mtu aweze kusema ahsante katika nchi yake bila kutazama nyuma. Ndugu zangu tukatae, tupingane, tunyang'anyane viti. Lakini tusiimbe nyumba ya mtu ikiungua."

Kelele zilizofuata sijawahi kuzisikia popote. Wamawio walimwita msaliti. Wamachweo walipiga kelele kubwa zaidi, kwa sababu ikiwa maneno yale ni ya kweli, basi kati yao kulikuwa na mhaini.

"Mtaje!" walipiga makelele. "Mtaje huyo aliyevuka!"

"Sitamtaja."

Bwana Tindo alipanda jukwaani. Alisema kwa upole kwamba sheria inampa nafasi ya mwisho: amtaje mtu huyo, au amtukane mpinzani wake, mojawapo litamwokoa. Mkasi, aliyekuwa karibu yangu, alinishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Bi Siwatu alitazama huku, akatazama kule, akatikisa kichwa.

"Niandikie kimya changu, mwanangu."

Msajili alikuwa ameinua mkono kutangaza hukumu wakati kiti kilipoanguka. Ngwali alikuwa amesimama, jasho likimtiririka.

"Ni mimi!" alinguruma. "Ni mimi, enyi vichwa maji, enyi masikio ya tembo! Gari lilikuwa langu, na suti ilikuwa yangu, ikaharibika! Mlitaka nifanye nini? Nimtazame mtu akifa kwa kuwa kitanda chake kimeelekea mashariki?" Alitaka kuendelea, lakini matusi yalimwishia. Alimgeukia Bi Siwatu, akafungua kinywa, akakifunga, kisha akasema kama mtu anayejifunza lugha ya kigeni, "Karibu, mama. Yaani... ahsante na wewe."

Katika umati wa Machweo nilimwona kikongwe mmoja, mama yake Ngwali, akivuta ushungi wake na kumuaga jirani yake kwa kumshika mkono, kama mtu anayekwenda safari. Kisha akajisogeza mbele, akasimama chini ya jukwaa alipokuwa mwanawe, akabaki hapo.

Kura zilipigwa. Ngwali alishinda, ila kura za ng'ambo zilizomwangukia Bi Siwatu zilikuwa nyingi kiasi cha kuwafanya watu watazamane. Hukumu ilitolewa kwa wote wawili. Sheria haimkatazi mjumbe aliye kimyani kukaa bungeni. Inakataza tu kumsemesha. Nilisikia watu wakisema kwamba kikao cha kwanza cha Ngwali kilimalizika mapema, na kwamba mambo kadhaa yalipitishwa kwa kukosa mtu wa kuyatukana.

Lakini majuma ya kwanza yalikuwa magumu. Bi Siwatu alikwenda sokoni akarudi kikapu kitupu, kwa kuwa muuzaji haruhusiwi kumtajia bei. Mimi mwenyewe, nikiwa mgeni wala si wa nyumbani, sikuruhusiwa kumwambia neno. Nilikuwa nikimpelekea maji ya kunawa na kuweka mkono kifuani. Alinielewa. Ila niliwahi kumkuta jikoni akijiambia mwenyewe, "Hujambo, Siwatu? Sijambo," nikarudi kinyumenyume asinione.

Alasiri moja Bi Mize alivuka barabara. Alikuja na sinia la mikate ya kumimina, akaliweka barazani kama chakula chake mwenyewe, akakaa kando ya Bi Siwatu. Hakusema neno. Askari wawili walikuja na kamba yao, wakakosa cha kupima: sheria ilikataza kusema na kusaidia, haikukataza kukaa. Kesho yake walikuja wawili wengine. Halafu akaja mama yake Ngwali akiwa ameshikwa mkono na mwanawe.

Hapo likagundulika jambo ambalo watunga sheria hawakulifikiria. Watu wote walikatazwa kumsemesha aliye kimyani, lakini wawili walio kimyani hawakukatazwa kusemezana. Katika Bezani nzima, nje ya nyumba zao, Bi Siwatu alibakiwa na mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na Ngwali alibakiwa na Bi Siwatu.

Mwanzo walizungumza habari za Tunu. Kisha wakazungumza habari za mtaro wa maji ya mvua, ambao Ngwali alitaka uchimbwe upande wa juu na Bi Siwatu upande wa chini. Watu walijaa barazani, wa pande zote mbili, kimya kama walio msikitini, wakiwasikiliza. Walikuwa hawajawahi kusikia ubishi ukifika mwisho wake. Mara ya kwanza Ngwali aliposema, "Hapo umenishinda, lakini hapa sijakubali," mzee mmoja wa Mawio alitoa sauti ya mshangao, akajiziba mdomo. Kumbe mtu anaweza kushindwa hoja akabaki na mikono yake yote miwili.

Niliondoka Bezani kabla ya mwaka wao kwisha. Tunu alinishika pua kwa mara ya mwisho. Mkasi alinifungia mikate safarini, akaniambia kwamba mama yake atagombea tena, na kwamba upande wa Machweo kuna wanawake wawili wanaotaka kugombea naye, na kwamba kwa mara ya kwanza Bwana Tindo ameandika barua kuomba tusi la dhamana lifutwe. Nilitaka kumwambia Bi Siwatu kwamba roho niliyonayo ni ya mkono wake, lakini sheria ilikuwa bado ni sheria, wala sikutaka kumwongezea mashaka. Nilipiga magoti mbele yake nikambusu mikono yote miwili. Alinishika kichwa, akaniombea dua kwa sauti, maana yeye kusema hakukatazwa. Kisha akageukia ubishi wake, uliokuwa umemngoja.

Nilipofika kwenye kona nilisimama kidogo kusikiliza. Ngwali alikuwa amepandisha sauti, anachora mtaro hewani kwa vidole vyake vinene. Bi Siwatu alimwacha amalize. Halafu nikasikia sauti yake, tulivu, ya muuguzi:

"Sikubaliani nawe hata kidogo, Bwana Ngwali. Kunywa kahawa, inapoa."

Naye akanywa.